Mashine Inayoandika kwa Joto

Chukua risiti ya dukani, ile laini inayong'aa kidogo, uikwaruze haraka kwa ukucha. Mstari mweusi unatokea. Wino hakuna, ni joto la msuguano. Terminali za Silent 700, zilizotengenezwa na Texas Instruments ya Marekani kuanzia miaka ya 1970, zilichapa hivyohivyo. Kichwa cha kuchapia kina vitone vinavyopashwa moto, 5 kwa upana na 7 kwa urefu. Hakuna nyundo inayogonga utepe, ndiyo maana ikaitwa kimya.

Tusichanganye mambo: hii si kompyuta. Ina kibodi na karatasi, basi, skrini haina. Kompyuta yenyewe ilikuwa mbali. Mtu alibeba modeli ya 745 kama begi, akapiga simu, aliposikia mlio akaulaza mkonga wa simu kwenye vikombe viwili vya mpira. Kila biti ikageuzwa sauti: hezi 1270 kwa moja, 1070 kwa sifuri. Kompyuta ikajibu kwa 2225 na 2025, hivyo pande mbili ziliongea pamoja bila kugongana.

Piga hesabu. Biti 300 kwa sekunde, herufi moja inakula biti 10, kwa hiyo herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 1,800 ni dakika nzima. Sisi tunaolalamikia bando, jamani!

Wanaozikusanya leo hukwama kwanza kwenye simu: simu bapa ya mkononi haikai kwenye vikombe, na mtandao wake hubana sauti mpaka milio inaharibika. Njia rahisi ni kutafuta mashine yenye tundu la kebo ya RS-232 na kuiunganisha na kompyuta iliyowekwa kasi ya 300. Karatasi ya faksi ya joto huweza kutumika.

Mimi nasomea ualimu, na ninachokipenda ni kwamba ukikosea, kosa linabaki pale karatasini. Tatizo, halibaki milele. Karatasi ya joto hufifia, hasa juani. Mashine inaweza kudumu kuliko ilichokiandika, kwa hiyo ukipata machapisho yake ya zamani, yapige picha kabla ya kuipenda mashine. Na risiti zako za ada, kama ni za aina hii, toa kopi leo.

Mashine ikitembea lakini karatasi ikabaki nyeupe, usikimbilie bisibisi. Pengine umeiweka kinyume, maana dawa iko upande mmoja tu. Kwaruza kwa ukucha, utaujua.