Ijue Kampuni Kabla ya Kuipa Mali Yako

Ndugu zetu, twawaona watu wakiuza dhahabu za wake zao, na wengine wakitia hata mirathi ya mayatima, katika kampuni wasiyoijua ila kwa maneno yake matamu. Mnamo 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika miradi ya piramidi, ambamo fedha za waliofuata ndizo zilizolipa “faida” ya waliotangulia.

Basi yatupasa kuuliza mambo matatu.

Kwanza, wenyewe ni nani? Omba kwa Msajili wa Makampuni, kwa njia ya eCitizen, hati iitwayo CR12. Humo mna majina ya wakurugenzi na wenye hisa.

Pili, ina idhini ya kazi yake? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Cheti cha usajili chaonyesha kwamba kampuni imezaliwa, wala hakiipi ruhusa ya kupokea akiba za watu. Idhini ya benki hutolewa na Benki Kuu. Ya vyama vya akiba na mikopo vipokeavyo amana, na SASRA. Ya mifuko ya uwekezaji, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wote hutangaza orodha zao. Jina lisipokuwamo, zuia mkono wako.

Tatu, imeshtakiwa? Hukumu husomwa bure katika Kenya Law, na ilani za kufilisiwa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kuuliza si kumdhania mtu vibaya. Mwaminifu hachukii kuulizwa. Na mali ya yatima ikishapotea, majuto hayairejeshi.