Somo la Mwezi: Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Mwezi huu twataka kutazama mchezo ambao wengi wetu tumeuona katika televisheni tu, yaani mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, hufuata muziki, huruka na kuzunguka hewani, kisha waamuzi humpa alama. Swali letu ni hili: Je, yawezekana kutaka kumshinda mtu na papo hapo kumtakia mema?

1. Jaribu lenyewe

Katika mpira wa miguu timu mbili hukabiliana. Lakini katika mashindano haya ya barafu, kila mmoja hucheza kwa zamu yake, na wenzake hungoja na kutazama. Mwenzake akianguka, yeye hupanda. Basi ni rahisi mno kufurahia anguko la mwingine.

Mwaka 1994, mjini Detroit, Marekani, Nancy Kerrigan alipigwa mguuni alipotoka mazoezini. Ilijulikana baadaye kuwa mume wa zamani wa mshindani wake alikuwa miongoni mwa waliopanga shambulio hilo. Kerrigan alipona, na mwezi uliofuata akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Lillehammer, Norwei. Tuangalie sana jambo hili: mkono hautangulii. Hutangulia moyo unaotamani mwenzako aanguke.

2. Adabu ya kupishana

Kabla ya kushindana, wachezaji hadi 6 huingia pamoja kupasha mwili moto kwa dakika 6, wote wakienda mbio. Katika mazoezi, yule ambaye muziki wake unapigwa hupishwa na wengine. Hii si adabu ya kujionyesha. Mwaka 1994 haukuwa peke yake kuleta maumivu: Novemba 2014, mjini Shanghai, Yuzuru Hanyu wa Japani na Han Yan wa China waligongana wakati wa kupasha moto, wakaumia wote wawili. Kumpisha mwenzako ni kumlinda.

3. Mwalimu aliyewahi kushindwa

Brian Orser wa Kanada alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1987. Mwaka 1988 Olimpiki ilifanyika kwao, mjini Calgary, naye ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Taifa zima lilimtazamia dhahabu. Akashindwa na Brian Boitano wa Marekani kwa tofauti ndogo sana. Hata hivyo wawili hao wakabaki marafiki.

Baadaye Orser akawa mwalimu mjini Toronto. Huko aliwafundisha kwa wakati mmoja Hanyu na Javier Fernández wa Hispania, watu wawili waliowania taji lile lile. Walifanya mazoezi katika barafu moja, kila mmoja akiona bidii ya mwenziwe. Hanyu alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014. Fernández akamshinda katika ubingwa wa dunia mwaka 2015 na tena 2016. Katika Olimpiki ya mwaka 2018, huko Korea Kusini, Hanyu alipata dhahabu na Fernández shaba. Wakakumbatiana kwa machozi.

Sisi tuliofundisha watoto miaka mingi twajua kuwa moyo wa namna hii haupatikani kwa hotuba. Mtoto huutazama kwa mkubwa wake. Mzazi anayemcheka mtoto wa jirani aliyefeli amekwisha kufundisha somo, ingawa hakufungua kitabu.

Tena twaona kuwa wema haukuwapunguzia wachezaji hawa nguvu. Mshindani hodari aliye karibu nawe hukuzuia kulala. Kumchukia ni kumchukia anayekunoa.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwenzetu akianguka, moyo wetu husema nini kwanza?
2. Watoto wetu hutusikia tukisema nini juu ya waliowashinda?
3. Ni nani tunayepaswa kumpongeza juma hili, na bado hatujampongeza?