Vipindi Vifupi vya Kuduwaa: Uchunguzi Huanzia Wapi?

Swali: Mtu anayeduwaa ghafla mara kwa mara huku mkono ukicheza wenyewe, ilhali kipimo cha umeme wa ubongo hakikuonyesha kasoro, achunguzwe vipi?

Jibu: Kipimo hicho, ambacho hunasa mawimbi ya ubongo kupitia nyaya zinazobandikwa kichwani, kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 30 tu, na kwa kuwa ubongo wa mwenye kifafa, ugonjwa unaoshukiwa hapa, waweza kutulia kabisa kati ya tukio na tukio, majibu safi hayaondoi uwezekano wa ugonjwa; kipimo hurudiwa, hasa baada ya mgonjwa kukesha, kwani usingizi hufichua mengi. Lakini ushahidi wenye uzito zaidi, ingawa hudharauliwa kwa kuwa hautumii mashine, ni maelezo ya aliyeshuhudia au video ya simu inayoonyesha tukio lilivyoanza, lilivyodumu na mgonjwa alivyozinduka, maana kuzirai, kushuka kwa sukari na msongo wa nafsi huweza kufanana mno na kifafa. Picha ya MRI ya ubongo hutafuta kovu, uvimbe au, panapofugwa nguruwe wasiofungiwa, vifuko vya mabuu ya tegu. Wakati uchunguzi ukiendelea, mgonjwa asiendeshe gari, wala asiogelee peke yake.