DARASA KATIKA ZAWADI APEWAYO MWENYE CHEO

  

Katika darasa ya usiku hapa Lituhi kijana mmoja aliniuliza: "Shekhe, yule waziri aliyeondolewa kwa ajili ya fedha za Tegeta, fedha zile si zilikwenda shule? Basi kosa lake ni lipi?" Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi, kwani swali hili wengi huliuliza hali wamekwisha kujijibu nyoyoni mwao.

Kwanza khabari yenyewe. Kule Tegeta, katika mji wa Dar es Salaam, palikuwa na mtambo wa umeme wa kampuni iitwayo IPTL, iliyokuwa ikiliuzia umeme shirika la TANESCO. Wakagombana juu ya malipo, na mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti katika Benki Kuu ili fedha zenye kugombewa zikae humo mpaka haki ya kila mmoja ijulikane. Magazeti yaliiita Tegeta Escrow. Katika lugha yetu jina lake ni amana, wala hatuna haja ya jina jingine. Mwishoni mwa mwaka 2013 amana ile ikafunguliwa, na zaidi ya shilingi bilioni 300 zikatoka kwenda kwa kampuni ya PAP, iliyosema kuwa imekwisha kuinunua IPTL. Bwana James Rugemalira, ambaye kampuni yake ilikuwa na sehemu 30 katika mia za IPTL, aliuza sehemu hizo kwa dola milioni 75, na mwezi wa Februari 2014 watu wengi wenye vyeo wakaingiziwa fedha kutoka kwake kwa njia ya Benki ya Mkombozi. Katika hao alikuwamo Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, aliyepata kuliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa huko Nairobi. Fungu lake lilikuwa shilingi bilioni 1.6.

Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake Bwana Zitto Kabwe, ililieleza jambo hili mbele ya Bunge huko Dodoma. Desemba Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, akajiuzulu. Tarehe 22 ya mwezi huo Rais Kikwete, akisema na wazee wa Dar es Salaam, akatangaza kuwa Profesa Tibaijuka anaacha uwaziri. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Nishati, naye akajiuzulu.

Yatupasa insafu. Mama huyu hakutiwa hatiani na mahakama kwa jambo hili. Alisema kuwa fedha zile aliziomba kwa ajili ya shule ya wasichana aliyoianzisha, ilipiwe deni lake, na watu wa Muleba Kusini walimrudisha Bungeni katika uchaguzi wa 2015. Neno lake la milioni 10 za mboga, alilolisema mwaka huo mbele ya Baraza la Maadili, watu walilicheka sana. Lakini mwenye kucheka hajalijibu swali la kijana wetu.

Sasa mas'ala. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi, kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi. Mtume akapanda juu ya mimbari akauliza, kwa maana yake, kwa nini mtu huyu asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake tuone kama ataletewa zawadi. Kisha akaonya kwamba mwenye kuchukua kwa njia hii atakuja Siku ya Kiyama amebeba shingoni alichokichukua, akiwa ngamia, ng'ombe au mbuzi.

Zingatia, ndugu msomaji: Mtume hakumwuliza mtu yule zawadi ataifanyia nini. Hakuuliza kama ana mayatima nyumbani. Aliuliza ilitoka wapi, na kwa sababu ya nini.

Na Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa kadhi, amepambanua wazi. Mwenye kesi mbele ya kadhi, zawadi yake ni haramu kuipokea. Asiyekuwa na desturi ya kumpa kabla hajapata cheo, vilevile haramu. Aliyekuwa akimpa tangu zamani, wala hana kesi, yajuzu kwa kadiri ya desturi yao, na lililo bora ni kumlipa badali yake. Basi ukipenda kupima bilioni 1.6, pima kwa kipimo hiki: je, mkono ule ulikuwa na desturi ya kutoa namna hii, na kwa kadiri hii, kabla ya uwaziri? Jibu analijua mwenyewe na Mola wake. Lakini waziri ambaye watu wamelazimika kumwuliza swali hili, cheo kimekwisha kumponyoka, na Rais hakuwa na la kufanya ila lile alilolifanya. Nia njema ya shule haiitakasi njia. Atawadhaye kwa maji ya kunyang'anya, udhu wake wasihi katika madhehebu yetu, na dhambi ya maji iko pale pale.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Dar es Salaam peke yake. Katika orodha ile walitajwa hata viongozi wa dini, na mimi mwenyewe sina la kujitapia. Mwaka mmoja ndugu wawili waliniletea ugomvi wa shamba la urithi lililo karibu na mto Ruhuhu. Usiku wake mmoja wao akaleta gunia la mchele, akasema ni la watoto wa chuo. Chuo kilikuwa hakina chakula, watoto walikuwa wakila mihogo mikavu, nami nikalipokea. Siku ya tatu nilipokaa kuwasikiliza, niliona maneno ya yule mwenye mchele yananielea upesi, na ya nduguye yananichosha. Hapo nikafahamu. Niliwaambia waende kwa mwingine awaamue, na mchele uliosalia nikamrudishia mwenyewe. Pishi zilizokwisha kuliwa nilizilipa kwa dagaa niliowakopa kwa wavuvi, na deni lile lilinichukua mpaka mavuno kulimaliza. Yule bwana alikasirika, na kwa miezi mingi hakuniamkia msikitini.