Tafuta Mfuko Kwanza, Chuo Baadaye

Wadogo zangu, matokeo ya sekondari yakitoka tu hapa Kigali, swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Dada, chuo cha nje kimenikubali, barua ninayo mkononi. Sasa pesa nitapata wapi?" Huuliza kijana wa Nyamirambo, huuliza wa Kimironko, na majuzi ameuliza binti wa Goma anayekaa kwa shangazi yake Remera. Kila nikisoma moyo unaniuma, maana mara nyingi barua hiyo imetoka chuo kisichokuwa na chochote cha kumpa mwanafunzi mgeni, na huku madirisha ya wafadhili yameshafungwa.

Leo nawaomba mgeuze mpangilio. Anzeni na anayelipa, kisha mje kwenye chuo. Jiulize: nani analipia kila kitu, anamtaka mtu wa namna gani, na anapokea maombi mwezi gani? Ukishapata majibu, ndipo uchague kozi na mji.

Ninasema "kila kitu" kwa makusudi. Chuo kikikuandikia kwamba umepewa ufadhili wa asilimia 50, nyumbani watashangilia na majirani watakuja kupongeza. Kaeni chini mpige hesabu. Kama ada ni dola 40,000 kwa mwaka, zimebaki dola 20,000, na hapo hujalala wala hujala, hujalipa bima wala tiketi ya ndege. Zidisha mara miaka minne. Ziko familia zinazouza kiwanja ili kulipia mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ukifika hakuna kingine cha kuuza, na mtoto yuko ugenini, ameshindwa kusonga mbele na anaona haya kurudi. Ufadhili wa nusu ni wa mtu ambaye nyumbani kwao nusu ya pili ipo. Kama kwenu haipo, kataa kwa adabu na uendelee kutafuta. Najua ni vigumu kukataa barua yenye nembo ya chuo cha Ulaya. Kataa.

Hata neno "bure" lichunguzeni. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, na habari hiyo huzunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Kinachosahaulika ni kwamba ubalozi hutaka uthibitisho kuwa una fedha za kujikimu, na wengi huonyesha kwa akaunti maalumu iliyofungiwa: tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka mmoja. Marekani nako, mtu aliyefadhiliwa ada yote bado atakutana na dola 350 za usajili wa mwanafunzi mgeni na dola 185 za maombi ya viza. Uliza mapema kama mfadhili wako anazigharamia hizo.

Sasa wanaolipa kikamilifu ni akina nani? Kwa aliyemaliza sekondari, Türkiye Bursları ya serikali ya Uturuki ndiyo ninayoitaja kwanza, kwa kuwa haina ada ya maombi na inabeba masomo, malazi, posho ya kila mwezi na tiketi ya kwenda na kurudi. Dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari. Kwa shahada ya kwanza uwe hujafikisha miaka 21, na alama zako zisipungue asilimia 70. Anayetaka udaktari au fani nyingine za afya anahitaji 90. Jueni pia kwamba mwaka wa kwanza kwa kawaida huenda wote kwenye kujifunza Kituruki. Nyinyi mliokulia kwenye Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, lugha ya tano isiwatishe.

Marekani inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi huiogopa bila kujua inavyofanya kazi. Viko vyuo vichache ambavyo, wakati wa kuamua kukupokea, haviangalii kabisa kama kwenu kuna pesa, hata ukiwa mgeni, na vikikupokea hulipia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa wazazi wako. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo humo, na mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin vikajiunga. Kundi la pili ni la vyuo kama Grinnell na Macalester: hivi huangalia uwezo wako wakati wa kuchagua, lakini vikikuchukua hulipia pengo lote vilevile. Halafu kuna vyuo vingine vingi sana visivyo na ahadi hiyo, na ndivyo huwa vya kwanza kutuma barua zenye rangi nzuri. Orodha yako itoke makundi mawili ya kwanza. Ushindani wake ni mkali mno, kwa hiyo lazima uwe na mlango mwingine pembeni. Ofisi ya EducationUSA ya ubalozi wa Marekani, pale Kacyiru, hutoa ushauri bila malipo. Nendeni mkiwa kidato cha tano, msisubiri cheti.

Wenye shahada ya kwanza ndio wenye milango mipana zaidi. Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola Novemba 2009, na tangu hapo Mnyarwanda anaweza kuomba ufadhili wa Commonwealth wa kusoma Uingereza, mpango ulioanzishwa mwaka 1959, sawa na Mkenya, Mganda na Mtanzania. Chevening, pia ya Uingereza, inataka uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Erasmus Mundus ya Ulaya inalipa ada na yuro 1,400 kwa mwezi, na unasoma katika nchi mbili au zaidi. Na wewe uliye kambini Mahama au Kiziba, ukiwa na hadhi ya ukimbizi, kuna DAFI, mpango wa UNHCR unaofadhiliwa zaidi na Ujerumani tangu 1992, ambao hasa unakulipia shahada ya kwanza, hapa hapa unapoishi.

Hapo nisimame kidogo. Wasomaji wangu wa Bujumbura, Goma na Kigoma: kwenu, Kigali yenyewe ni ng'ambo, na mnaipita tu mkitazama Toronto. AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003, ina kituo hapa tangu 2016, na wanaochaguliwa uzamili wake kutoka kote Afrika hulipiwa masomo, malazi na chakula. Carnegie Mellon, chuo cha Marekani cha mjini Pittsburgh, kina tawi lake Kigali linalotoa shahada za uzamili za uhandisi na teknolojia ya habari. Shahada ni ileile ya Pittsburgh, na Mastercard Foundation hufadhili wengi wa Waafrika wanaosoma pale. Na Kiswahili chako kitakufaa mtaani Biryogo. Sioni kwa nini mtu aite hiyo nafasi ya pili.

Tuje kwenye karatasi. Kuna jambo moja linalowatesa Wanyarwanda ambalo miongozo ya wageni hailitaji. Kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda. Si lazima lifanane na la baba, na ndugu watano wanaweza kuwa na majina matano. Fomu ya mfadhili inauliza jina la ukoo, wewe unasitasita: mara unaandika la baba, mara lako. Fuata pasipoti kila mahali, herufi kwa herufi, na kama cheti cha shule kimegeuza mpangilio au kimekosea herufi, kirekebishwe kabla dirisha halijafunguliwa. Cheti cha kuzaliwa kiombe kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali, ukiweke tayari kuonyesha mzazi wako ni nani. Na mzazi anayeuza nyanya sokoni Kimironko hana hati ya mshahara. Eleza kwa maandishi anapata kiasi gani kwa mwezi mzuri na kwa mwezi mbaya, na uambatanishe barua ya ofisi ya umurenge, yaani ya tarafa yenu. Msiongeze wala kupunguza. Aibu ya kipato cha mama isikufanye uandike uongo, kwa sababu wafadhili hawa wanamtafuta hasa mtoto wa mama huyo.

Insha ndiyo inayonigusa zaidi. Nimesoma insha nyingi za vijana wetu, na nyingi zinaanza na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, hata mwandishi akiwa amezaliwa miaka kumi na mitano baadaye. Kama historia ya familia yako ndiyo iliyokusukuma kusoma sheria au tiba, iandike, ni yako. Lakini huna deni la kumpa mtu asiyekujua machozi ya bibi yako ili akulipie chuo. Andika ulichofanya. Uliwashikia akina mama wa mtaani daftari la ikimina, chama chao cha kuweka akiba, ukagundua hesabu haziendi, ukabuni njia ya kuandika michango ili kila mmoja aione? Hiyo ni insha nzima. Anayekusoma anataka kukuona ukifikiri na ukitenda, na jambo dogo ulilolifanya kweli humfikia haraka kuliko ndoto ya kuikomboa Afrika.

Barua ya mwalimu iombe mapema, angalau wiki sita kabla. Usimwendee mkuu wa shule kwa cheo chake kama hajui hata darasa lako. Mwalimu wa kemia aliyekuona ukibaki maabara baada ya kengele ataandika barua bora. Mpelekee kwa heshima ukurasa mmoja wa kumkumbusha mlichofanya pamoja, kwani ana wanafunzi wengi.

Kuhusu mawakala: mtu anayedai faranga ili "akuhakikishie" ufadhili anakuibia. Hakuna anayeweza kuhakikisha. Kila tangazo lifuatilie hadi kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe, ya ubalozi, au ya Baraza la Elimu ya Juu, HEC, ambalo hutangaza nafasi zinazotolewa na nchi rafiki.

Na wewe binti uliyeniandikia kwamba baba anasema msichana asiende mbali peke yake: usimfiche maombi yako. Mketishe siku ya Jumapili, mwonyeshe chuo kilipo, nani atalipa nini, utalala wapi, na kama kuna Wanyarwanda waliotangulia huko. Mpe namba ya ofisi ya wanafunzi wageni aihifadhi kwenye simu yake. Akikataa, mwombe shangazi unayemwamini azungumze naye, na wakati huo tuma pia maombi ya hapa Kigali.