Tindo Langu la Tatu

Tindo la kwanza nililojitengenezea hapa Raila, Kibera, lilikuwa kipande cha nondo nilichokichonga ncha kwa grainda. Nikaenda nalo kwa jirani kutoboa sakafu ya zege. Halikufika pigo la kumi, ncha ikapinda kama ndizi. Jirani alicheka, nami sikuwa na la kujibu.

Tukisema chuma ni imara tunachanganya mambo. Ugumu ni kutokwaruzika wala kubonyea. Kustahimili pigo ni kitu kingine: kioo ni kigumu kuliko nondo, lakini kiangushe uone. Kisha kuna unyumbufu, ule wa springi kupinda ikarudi palepale.

Nondo ina kaboni kidogo, ndiyo maana hukunjwa pete za nguzo bila kuvunjika. Tindo lataka kaboni zaidi, kama asilimia 0.6, na hiyo utaipata kwenye springi kuukuu ya lori. Kwa wauza skrepu usinunue kwa maneno. Sumaku itakutengea alumini tu, maana nondo na springi zote inazinasa. Gusisha grainda: cheche za nondo ni ndefu, zimenyooka, za springi hupasukapasuka kama nyota.

Basi tindo la pili likawa la springi. Nililipasha likawa jekundu, nikalitumbukiza majini, likatoka gumu hadi tupa ikateleza juu yake. Nikajiona mhunzi! Pigo la kwanza, kipande kikaruka kikapita kando ya sikio langu. Tangu siku hiyo sishiki nyundo bila miwani.

Fanya hivi. Pasha ncha mpaka sumaku iache kuinasa, ongeza moto kidogo, kisha izamishe kwenye oili. Weka kifuniko cha kopo karibu, kwa kuwa oili hushika moto. Sasa ni ngumu lakini inavunjika ovyo. Ing'arishe kwa msasa, uipashe tena polepole ukianzia nyuma ya ncha, macho yasibanduke. Rangi itatembea: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika nchani, karibu nyuzi 280 za Selsiasi, ipoze. Kichwa kiache laini, kisije kikarusha vipande kikigongwa.

La tatu nililitengeneza hivyo, na ninalo hadi leo, limebaki nusu kwa kunolewa.