Kumsaidia Mfanyakazi Kuacha Sigara

Kisondela ni mojawapo ya kata za wilaya ya Rungwe, nchi ya mvua nyingi, migomba na chai. Jani la chai likifika kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa lichachuke, hukaushwa, kisha huchambuliwa kwa madaraja. Jani hilo hunyonya harufu upesi. Nalo vumbi la chai kavu huweza kushika moto. Kwa sababu hizo mbili, sigara haina nafasi ndani ya kiwanda cha chai.

Katazo hilo huilinda chai, lakini halimponyi mvutaji. Mfanyakazi azoeaye sigara huingia zamu akiwa na haja ambayo sheria za kiwanda haziiondoi. Akiwa mkali kwa wenzake, au akitoroka kwenda kuvuta nyuma ya ghala, huhesabiwa kuwa mvivu au mtu asiye na nia, na pengine hupoteza kazi. Yafaa basi kuchunguza ni nini hasa kinachompata.

Nikotini mwilini

Moshi wa tumbaku una nikotini. Mtu avutapo, nikotini hupita mapafuni, huingia katika damu na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hivi. Huko hugusa vipokezi vya chembe za neva na kusababisha kutolewa kwa dopamini, kemikali iletayo hisia ya kuridhika. Kwa mvutaji wa siku nyingi idadi ya vipokezi hivyo huongezeka. Nikotini ikipungua, ubongo huidai.

Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Chukua mfano wa mfanyakazi aliyevuta sigara saa 1 asubuhi, kabla ya kuanza zamu ya saa 8. Saa 3 asubuhi hubakiwa na asilimia 50 ya nikotini ile. Saa 5, asilimia 25. Saa 7 mchana, asilimia 12.5, na saa 9 alasiri, zamu iishapo, asilimia 6.25 tu. Hasira, wasiwasi na kukosa makini humjia kwa kadiri ya upungufu huo. Kwa hiyo lionekanalo kuwa tabia mbaya lina asili katika kemia ya mwili.

Mtu aachapo kabisa, dalili hizo huwa kali zaidi katika siku 3 za kwanza, kisha hufifia polepole kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Huu ndio wakati anaohitaji msaada kuliko wakati mwingine wowote.

Damu na kazi ya mikono

Moshi una pia kaboni monoksidi. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Hivyo sehemu ya damu ya mvutaji hushindwa kubeba oksijeni, na abebaye magunia huhema mapema. Faraja ni kwamba siku moja au mbili baada ya kuacha, gesi hiyo huwa imekwisha toka mwilini. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu. Na baada ya miaka 10, hatari ya kansa ya mapafu huwa nusu hivi ya ile ya mtu aendeleaye kuvuta.

Wajibu wa mahali pa kazi

Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima nchini Tanzania walitumia tumbaku: asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Aidha, karibu theluthi moja ya watu waliofanya kazi ndani ya majengo walifikiwa na moshi wa tumbaku hapo kazini. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Kifungu cha 8 cha mkataba huo chahusu kuwakinga watu na moshi, pamoja na mahali pa kazi; kifungu cha 14 chahusu kuwasaidia watumiaji waache. Kinga na msaada huenda pamoja.

Msaada wenyewe waweza kuwa wa namna nne. Kwanza, ushauri wa mganga au muuguzi, mfanyakazi akiruhusiwa kwenda zahanati bila kukatwa mshahara. Pili, kikundi cha wafanyakazi wanaoacha kwa pamoja, wakipanga siku moja ya kuanza na kukutana kila wiki. Tatu, dawa: plasta au gamu ya nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Hizi huupa mwili nikotini kidogo kidogo bila moshi, hata haja ipungue. Nne, motisha.

Kuhusu motisha, jaribio lililotangazwa mwaka 2009 na Kevin Volpp na wenzake lilihusu wafanyakazi 878 wa kampuni moja kubwa ya Marekani. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa maelezo tu; la pili lilipewa maelezo pamoja na ahadi ya fedha kwa atakayeacha, na kuacha huko kulithibitishwa kwa vipimo vya maabara. Miezi 9 au 12 baadaye, walioacha walikuwa asilimia 5.0 katika kundi la kwanza na asilimia 14.7 katika la pili.

Motisha iliongeza walioacha karibu mara tatu. Hata hivyo, wengi katika makundi yote mawili walikuwa bado wakivuta. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mwajiri amwadhibuye aliyejaribu akashindwa humfundisha kuficha. Amruhusuye kujaribu tena humkaribisha kwenye mafanikio, kwa kuwa wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Kwa sababu hiyo siri ya mfanyakazi haina budi kutunzwa, na maendeleo yake yasitumiwe kumpunguzia cheo wala ujira.

Maswali

1. Ni asilimia ngapi ya nikotini itakayobaki katika damu baada ya saa 12?

2. Eleza kwa nini mvutaji huchoka upesi abebapo mzigo.

3. Katika jaribio la mwaka 2009, kwa nini wafanyakazi waligawanywa kwa bahati nasibu? Kwa nini vipimo vya maabara vilihitajika?

4. Andika mpango wa wiki 4 wa kuwasaidia wafanyakazi 10 wa kiwanda kilicho karibu na shule yako.